Mapipa ya Jumatatu

"Nimeua. Andika hivyo, Inspekta, tumalizane."

Mhandisi Shigeyasu alitamka maneno hayo kwa adabu ile ile aliyoitumia kukataa sigara. Inspekta Mizobata aliweka kalamu chini. Katika chumba kile cha mahojiano alikuwa amekutana na waongo wa kila namna: wanaolia, wanaotukana, wanaoshika kifua ghafla na kuomba daktari. Mtu anayedanganya ili afungwe alikuwa bado hajamzoea, na asubuhi ile ya mvua alimchukia kwa dhati.

"Umemuua vipi?"

"Kwa unga wangu."

"Unga gani wa kuua? Watu wanafulia mashuka."

"Huu umeua."

Hilo halikuwa na ubishi. Jumatano iliyopita, katika ghala la kiwanda cha Utsugi, pipa la unga wa kung'arishia nguo lilipasuka wakati mzee Iwakiri, msimamizi wa maji na uchanganyaji, ameinama kusikiliza kifuniko chake. Kilichosikika baadaye ni kengele ya hatari.

Unga wenyewe ulikuwa wa Shigeyasu, kazi ya ujana wake wote. Unachukua magadi, unayanywesha peroksaidi mpaka kila punje ibebe oksijeni ndani yake. Ukiitia kwenye maji, inaiachia, doa linatoka na vijidudu vinakufa. Tatizo la unga wa namna hiyo lilikuwa moja: haukai. Ukipigwa na unyevunyevu wa masika ya pale pwani ya Iyo unachemka wenyewe kimya kimya na kufa kabla haujauzwa. Shigeyasu ndiye aliyegundua jinsi ya kuivisha kila punje koti jembamba la kioo, oksijeni ikatulia humo miaka na miaka. Hospitali za mkoa mzima zilikuwa zikiugombania. Sasa ule unga uliosifiwa kwa utulivu ndio uliomuua mtu.

"Jana uliniambia koti lilikuwa na kasoro," Mizobata alisema. "Kasoro gani?"

"Jembamba mno."

"Watu wa zimamoto wamelipima. Wanasema liko sawa kabisa."

"Basi wamekosea."

"Wewe ndiye uliyewafundisha kulipima, bwana!"

Shigeyasu aligeuza kikombe chake cha chai ya shayiri, hakunywa.

"Nisikilize vizuri," Mizobata akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Jioni hii faili lako linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Kuua kwa uzembe kazini. Utafungwa. Ukitoka, hakuna kiwanda kitakachokupa hata ufagio. Na binti yako, nasikia ameposwa. Unadhani wale wakwe watangoja?"

"Wamekwisha kuirudisha posa."

"Na bado unang'ang'ania?"

 Mhandisi akauliza swali lake la kwanza tangu akamatwe. "Mke wa mzee Iwakiri anaendeleaje?"

Mizobata alikusanya faili, akatoka. Mtu aliyepoteza kazi, jina na harusi ya mwanawe anaulizia mjane; hapo palikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilimkera kama jiwe ndani ya kiatu.

Kiwandani kazi ilikuwa imerudi. Maadamu kuna mtu amekiri, utepe wa polisi ulikuwa umeondolewa Jumatatu, yaani jana yake, na mkurugenzi Utsugi hakupoteza hata saa moja. Mapipa ya zamani, yale yaliyotengenezwa kabla ya ajali, yalikuwa yamepangwa uani chini ya turubai, mbali na majengo. Mizobata akavua koti la mvua, akaingia chini ya turubai na kuanza kuyapitia moja moja.

Baadhi ya vifuniko vilikuwa bapa. Vingine vilikuwa vimevimba katikati. Alivipapasa, akarudi nyuma, akavitazama tena. Kila pipa lilikuwa limepigwa kwa rangi tarehe na alama ya Kijapani ya siku lilipojazwa: mwezi kwa Jumatatu, moto kwa Jumanne, maji kwa Jumatano, na kuendelea. Mapipa ya moto yalikuwa mazima. Ya maji yalikuwa mazima. Kila pipa lililovimba lilikuwa na alama ya mwezi, bila kukosa hata moja.

"Jumatatu nani huchanganya?" alimwuliza mlinzi.

"Nagatomo. Yule aliyepigana na marehemu."

Mlinzi alilisema hilo kwa furaha ya mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Nagatomo alipatikana kwenye chumba cha kulia, donge la wali mkononi. Alikuwa jitu la mtu, na sauti yake ilijaa chumba kabla hajainuka.

"Inspekta, kama ni ule ugomvi, sikupigana. Mzee alinipiga kwa chepe la mbao, mimi nikapigwa. Kuna tofauti."

"Alikupigia nini?"

"Niliingia na saa mkononi. Yaani mzee yule na chuma! Kutu kidogo tu ikianguka kwenye unga, unachemka, ndivyo tangazo la mhandisi linavyosema. Basi mzee akalifanya sala. Chuma marufuku! Alituvua saa, mikanda, na mwenzetu Sakamoto akataka kumng'oa jino la chuma."

"Ukamchukia."

"Nilimchukia mpaka saa ya chakula. Baadaye akanigawia tunda lake la kulowekwa chumvini, la kulia wali, yakaisha."

"Mapipa yaliyovimba yote ni ya Jumatatu, Nagatomo. Jumatatu ni yako."

Donge la wali lilirudi mezani. "Yote?"

"Yote. Kama mtu angetaka kumtia mzee aibu, angerusha kiganja cha chenga za chuma kila Jumatatu. Si kazi ngumu."

"Kuna ya katikati ya mwezi wa tano? Nenda katazame. Wiki ile dada yangu aliolewa Hiroshima. Jumatatu nzima nilikuwa huko, nimelewa chakari mbele ya ukoo mzima. Nilimwimbia bwana harusi mpaka wakanikalisha kwa nguvu. Kawaulize!"

Mizobata hakuhitaji kwenda kutazama. Pipa la Jumatatu ile alikuwa ameligusa kwa mkono wake, na lilikuwa limevimba kuliko mengine. Kwa hiyo Nagatomo si mtu wake. Kwa hiyo huenda hakuna mtu kabisa, ila siku.

"Jumapili huwa mnafanya nini?" akauliza.

"Jumapili? Hatufanyi kitu. Tumefunga. Mashine zimelala, maji yamelala tangini."

"Hayo maji yalipimwa?"

"Alhamisi, kesho yake baada ya msiba. Zimamoto walichota chupa kadhaa. Safi kama ya kisima cha hekalu."

Njia ikafungika pale pale. Mizobata alitazama saa ya ukutani, akamkumbuka yule aliyeulizia mjane. Ilikuwa siku ya saba ya marehemu. Mpelelezi au si mpelelezi, ilimpasa akachome ubani.

Bi Tomeko Iwakiri aliishi kwenye safu ya nyumba za kampuni, nyuma ya ukuta wa kiwanda. Alikuwa amekwisha vaa nguo nyeusi na nywele zimefungwa. Alimpokea Mizobata mlangoni kwa kuinama sana, akamwongoza hadi kwenye madhabahu ndogo yenye picha ya mumewe. Mizobata akachoma ubani, akaunganisha viganja. Moshi ulipanda mbele ya uso wa mzee mkali aliyechukia saa za mkononi.

"Mkurugenzi amefanya jambo la heshima," Bi Tomeko alisema. "Mchana huu mtawa wa hekalu atasoma sala kule kule ghalani, alipoangukia. Wafanyakazi wote watahudhuria. Gari inakuja kunichukua. Niwie radhi, nibadilishe maji ya maua kwanza."

Aliinamisha chombo cha maua kwenye karai. Kitu kikalia chang'ang', na sarafu ya yeni kumi ikaviringika hadi miguuni kwa mgeni.

"Aibu yangu," alisema akiiokota. "Ya kuzuia ute."

"Hata mama yangu huweka." Kila nyumba aliyopata kuingia Mizobata iliweka: kwenye maua, kwenye kichujio cha sinki. Shaba ikikaa ndani ya maji, ute haushiki. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo shuleni na hakuna asiyelijua.

"Marehemu alizidi," mjane alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Sinki, bafu, birika la ndege. Hata kazini! Mwezi wa nne mkaguzi wa hospitali alipitisha kidole ndani ya tangi lao la maji, kidole kikatoka na ute. Mume wangu alirudi hapa hata chakula hakikushuka. Aibu, Inspekta, aibu ya mtu mzima. Nikamwambia, baba, si uweke sarafu kama tunavyoweka hapa? Nikamshonea mfuko wa wavu wa kuzitia, tena nikampa zangu za sokoni. Mkaguzi aliporudi, alimpongeza mbele ya watu."

Mizobata aliweka kikombe chini taratibu.

"Mhandisi Shigeyasu alikuja hapa?"

Tabasamu likafa. "Alikuja siku ya msiba, kabla hamjamchukua. Aliinama pale ulipo hadi paji la uso likagusa mkeka. Aliniambia nisiwe na wasiwasi na nyumba. Mjane wa aliyekufa kazini anaachiwa nyumba, lakini wa aliyevunja kanuni anahamishwa. Akasema, mume wako hakuvunja kanuni yoyote. Mimi sikumjibu. Unamjibu nini mtu aliyekuulia mumeo?"

Honi ikalia nje. Bi Tomeko akachukua picha ya mumewe na kuifunga kwa kitambaa cheupe. Mizobata alimfungulia mwavuli hadi kwenye gari. Alikuwa amelipata jibu, na hakufurahi hata kidogo.

Alipitia kituoni na kumtoa Shigeyasu, pingu mikononi. Njiani hakumwambia neno zaidi ya moja: "Tangi."

Tangi la maji lilikuwa juu ya chumba cha kuchanganyia, na ngazi yake ya mbao iliteleza kwa mvua. Nagatomo alitangulia na tochi. Shigeyasu alipanda bila wasiwasi wowote, na utulivu huo ndio uliothibitisha kila kitu.

"Hutakuta kitu humo, Inspekta."

"Kwa sababu ulikitoa. Mfuko wa wavu, na sarafu za shaba ndani yake."

Mhandisi alisimama katikati ya ngazi. Maji ya mvua yalimtiririka puani na hakuyafuta.

"Umetoka kwa mjane," alisema hatimaye.

"Nimetoka kwake. Wiki nzima maji yanapita tangini mbiombio, hayapati muda wa kuramba shaba. Jumapili yanalala juu yake mchana na usiku. Jumatatu asubuhi maji hayo ndiyo ya kwanza kuingia kwenye unga. Nimekosea?"

"Hujakosea. Shaba ni mbaya kuliko kutu. Koti linafungwa nje, adui yuko ndani tayari." Alivuta pumzi. "Niliukuta mfuko siku ile ile aliyokufa. Nikautupa baharini, nikamwaga maji yote, nikajaza mapya. Lakini kosa ni langu kweli. Tangazo ni langu. Nilikataza chuma, sikutaja shaba. Nani angepeleka shaba kule? Mzee hakuvunja kanuni, kwa sababu kanuni sikuiandika. Nenda kaieleze kampuni hivyo uone kama wataelewa. Watasema aliingiza uchafu tangini, na mama yule atatolewa nje na masanduku yake. Atajua pia kwamba aliushona mfuko ule yeye mwenyewe. Niache nifungwe, Inspekta. Jambo limekwisha. Tangi ni safi."

 Mizobata alipanda vidato vya mwisho, akaichukua tochi, akafunua kifuniko na kumulika chini, ili tu aweze kuandika kwamba alitazama.

Sakafu ya tangi ilimetameta.

Sarafu. Hazikuwa kwenye mfuko. Zilikuwa zimetapakaa kila pembe, nyekundunyekundu, zimelaliana.

"Nagatomo," alisema bila kugeuka, "hizi ni nini?"

"Aa, hizo za kwetu." Jitu lile lilivua kofia. "Mzee alipokufa tukaona mfuko wake haupo. Watu wakasema si dalili nzuri, maji yake kuachwa yatima hivyo. Basi Jumamosi tulipokuja kufanya usafi kila mtu akatupia yake, zamu zote. Wengine walitupa kiganja kizima. Alikuwa mkali, ila alikuwa wetu."

Shigeyasu alimsukuma Mizobata kwa bega, akainama juu ya tundu. Alitazama muda mfupi sana. Alipoinua uso, utulivu wote ulikuwa umemtoka.

"Mapipa ya jana," alisema. "Nagatomo! Mapipa mliyojaza jana yako wapi?"

"Ghalani."

"Ghalani wapi?"

"Tumeyapanga nyuma ya madhabahu ya mzee. Tumeyafunika kitambaa cheupe, yapendeze."

Hakuna aliyesubiri mwenzake kwenye ngazi ile.

Sala ilikuwa imefika katikati. Sauti ya mtawa na ya kengele yake ndogo ilisikika hadi uani, na harufu ya ubani ilichanganyika na harufu nyingine, kali, ya kuwasha pua, ambayo wafanyakazi wote pale waliizoea kiasi cha kutoisikia. Walikuwa wamepiga magoti kwa safu, kofia mapajani. Mbele kabisa, mbele ya picha, alikuwa Bi Tomeko. Nyuma ya picha kitambaa cheupe kilifunika mapipa, na pale juu kilikuwa kimeinuka katika vilima vidogo vya mviringo.

Mizobata alipitisha mkono chini ya kitambaa. Kifuniko kilikuwa na joto la sufuria iliyotolewa jikoni sasa hivi.

"Tokeni nje," alisema. "Wote. Sasa hivi."

"Inspekta!" Mkurugenzi Utsugi alinong'ona kwa hasira. "Una kichaa? Sala haijaisha!"

"Nagatomo, watoe!"

Nagatomo aliwatoa. Aliwashika kwa mabega wawili wawili na kuwasukuma mlangoni, mtawa akiwa miongoni mwao, kengele yake bado inalia mkononi. Mkurugenzi aliyaona yale mapipa, akatoka wa kwanza. Lakini Bi Tomeko hakuinuka.

"Mama, twende," Mizobata alimwambia.

"Nikimwacha katikati ya sala atafika wapi? Tangulieni."

"Mama, kuna hatari."

"Hatari imekwisha nipata."

Shigeyasu alikuja akapiga magoti mbele yake, pingu mikononi, mgongo kwa yale mapipa. Bi Tomeko alimwona, akageuza uso.

"Yatapasuka," Shigeyasu alisema. "Kama lile la kwanza."

"Unga wako."

"Maji ya tangi. Yana shaba ndani yake. Sarafu ndizo... Mzee aliziweka sarafu tangini, mama. Hakujua. Mimi sikumwambia. Alipokufa nikazitoa, nikanyamaza, na wenzake wakazirudisha kwa kumheshimu. Tafadhali inuka."

Nyuma yake kitu kilitoa mlio mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.

Mjane alimtazama sasa. Alitazama pingu, akatazama picha, na Mizobata aliona jinsi jambo lile lilivyomwingia hatua kwa hatua: mfuko, sindano, sarafu za sokoni. 

"Kwa hiyo ulitaka kufungwa," alisema mwishowe, "ili mimi nisijue."

"Ndiyo."

"Na kwa kutojua ningekufa hapa. Na watoto wa watu wote hawa."

 Bi Tomeko alinyakua picha ya mumewe, akasimama, akatembea hadi mlangoni bila kukimbia. Mizobata alimvuta mhandisi kwa mnyororo wa pingu.

Walikuwa wamevuka nusu ya uwanja pipa la kwanza lilipopasuka. Paa liliinuka upande mmoja, mabati yakaruka, na moshi mweupe ukamwagika kupitia madirisha. La pili likafuata, kisha mengine kwa mkupuo. Watu walilala kifudifudi kwenye matope. Kishindo kilipotulia, Nagatomo alisikika akiita majina ya wenzake, akilia waziwazi, na kila jina liliitikia.

Bi Tomeko alikuwa amekaa chini kwenye dimbwi, picha imekumbatiwa. Aliinuka mwenyewe, akaenda moja kwa moja hadi kwa mkurugenzi Utsugi, ambaye alikuwa akitafuta miwani yake.

"Sarafu nilimpa mimi, na mfuko niliushona mimi. Andikeni hivyo. Nyumba yenu nitaihama."

Kisha akamgeukia Shigeyasu. Mhandisi alikuwa ameinama, paji la uso kwenye matope, kama alivyoinama siku ya msiba.

"Wiki nzima nimekuchukia kwa kumuua mume wangu," alimwambia. "Kumbe hukumuua. Sasa nitakuchukia kwa kuninyamazia, na hilo hakuna jela yake."

Mvua ilizidi. Mizobata alichutama, akazifungua pingu na kuzitia mfukoni. Shigeyasu hakuinua kichwa, na mikono yake ilibaki pamoja vile vile.